Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vitambaa vipya vya mavazi na vya tiba: kwa wateja na mafundi wa Tanga

Nashona na kuuza vitambaa Ngamiani, hapa Tanga. Asubuhi anaingia bibi harusi anayetafuta kitambaa cha gauni, nyuma yake muuguzi anayetaka sare ya zamu ya usiku, na jioni hakosekani mzee wa kuuliza soksi za kubana miguu zinapatikana wapi. Maswali yao yanakaribiana kuliko wanavyodhani. Kitambaa cha dera na kitambaa cha kufunga jeraha vyote hupimwa kwa jambo moja: kikikutana na maji ya mwili, yawe jasho, damu au usaha, kinafanya nini? Hapa nimeyakusanya ninayoulizwa zaidi. Habari za nyuzi nitakueleza. Habari za ugonjwa wako mwone daktari.

Nina madera mawili, yote mepesi. Moja raha tupu, jingine nikilivaa kidogo tu nimelowa. Kwa nini?

Wepesi haukuletei ubaridi, uzi ndio unaoleta. Pamba hunywa unyevu. Ikikaa kwenye hewa ya kawaida hubeba maji kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, na ukiishika bado unaiona kavu. Poliesta hubeba asilimia 0.4 hivi. Kwa hiyo jasho likikutana na poliesta iliyofumwa kwa kubana halina pa kwenda, linabaki kwenye ngozi. Na hewa yetu ya pwani tayari imejaa unyevu, hasa kabla masika hayajashuka, basi jasho halikauki upesi hata ukae upenuni.

Lakini poliesta yote isihukumiwe kwa kosa la dera moja. Jezi nyingi za siku hizi hufumwa kwa nyuzi ambazo ukiziangalia kwa hadubini si duara, zina mifereji ubavuni. Jasho hupita kwenye mifereji hiyo, likatandaa upande wa nje, upepo ukalikausha. Pamba hailiwezi hilo: ikishalowa imelowa, inakuwa nzito na kung'ang'ania mwilini. Kijana anayekwenda kukimbia Mkwakwani nitampa jezi ya aina hiyo bila kusita. Anayekaa barazani baada ya Alasiri nitampa pamba nyepesi.

Muuzaji ananiambia "pamba tupu hii". Nitahakikishaje?

Omba kipande cha ukingoni. Chomoa nyuzi za mtande (za urefu) peke yake na za mshindio (za upana) peke yake, maana viko vitambaa vyenye pamba upande mmoja na poliesta upande wa pili. Zishike kwa kibanio juu ya sahani yenye maji, uwashe kiberiti. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini ya kijivu yanayopeperuka ukiyapuliza. Poliesta hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka, na mwisho unabaki na kigololi cheusi kigumu kisichovunjika kwa vidole. Hariri na sufu harufu yake ni ya nywele zilizoungua.

Acha kigololi kipoe kabla hujakigusa. Poliesta inayoyeyuka hugandia ngozi na kuiunguza kwa kina, na ndiyo sababu kila msimu wa harusi nawasihi akina mama wa jikoni wasisimame mbele ya moto wa kuni na dera la poliesta lenye mikono mipana. Kanga ya pamba inaweza kushika moto nayo, lakini haiyeyuki juu ya mkono wako.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Viskosi nayo imetokana na mmea, kwa hiyo hunuka karatasi vilevile. Hapo lowesha uzi halafu uuvute. Viskosi ikilowa hukatika kwa urahisi, pamba ikilowa huzidi kuwa imara.

Soksi na mashuka "ya mianzi" yanaua bakteria kweli?

Sehemu kubwa ya kinachouzwa kwa jina hilo ni viskosi. Mwanzi huyeyushwa kwa kemikali hadi ubaki selulosi, kiini cha nyuzi za mimea, kisha ile selulosi inavutwa upya kuwa uzi. Sifa za mwanzi wenyewe zimeishia humo njiani. Mwaka 2022 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliyabana maduka makubwa ya Walmart na Kohl's kwa kuuza viskosi kama mwanzi halisi, yakakubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5.

Kitambaa chenyewe si kibaya, ni laini na kinaanguka vizuri kwenye gauni. Ninachokililia ni wafanyakazi wa kiwandani. Viskosi huhitaji kemikali iitwayo kaboni disulfidi, ambayo huharibu mishipa ya fahamu ya wanaoivuta kwa muda mrefu. Ndugu yake mpya ni layoseli: mmea huyeyushwa kwa kiyeyushi kingine chenye sumu ndogo, na viwanda vizuri hukirudisha na kukitumia tena kwa zaidi ya asilimia 99. Kampuni ya Lenzing ya Austria ndiyo inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Ukiona kibandiko cha layoseli na bei unaimudu, chukua. Inashoneka vizuri, ila pasi isiwe kali.

Tanga nzima ni mkonge. Mbona hatuuvai?

Hili nalipenda kuliko yote, nivumilie.

Mkonge ulikuja kwetu mwaka 1893, pale mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, na ndiyo iliyozaa mashamba ya Pangani, Muheza, Korogwe na kwingine. Baada ya hapo dunia nzima ilifunga mizigo kwa kamba yetu, mpaka nyuzi za plastiki zilipoingia na bei ikaporomoka. Bodi ya Mkonge bado iko hapa mjini, wakulima wadogo wanalima, korona, mitambo ya kuchakata majani ya mkonge, zinasaga. Na bado sehemu kubwa ya singa zetu, yaani nyuzi za mkonge, husafiri ikiwa singa.

Sababu ya kutouvaa iko ndani ya uzi. Uzi mmoja wa pamba ni seli moja, ndefu na laini. Uzi wa mkonge ni fungu la seli nyingi fupi zilizogandishwa pamoja, na gundi mojawapo ni lignini, ile inayoufanya mti kuwa mgumu. Shika singa iliyotoka kuanikwa: inang'aa kama nywele za mzungu, lakini ukiipitisha shingoni inachoma. Kwa mkoba, kofia, zulia au brashi ya kung'arishia chuma ni malighafi ya kwanza. Kwa shati, hapana.

Sasa jambo jipya. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha namna ya kuigeuza singa kuwa kinyonyaji cha ndani ya pedi. Huondoa lignini kwa asidi iitwayo peroksiformi, ambayo haina klorini, kisha huzichambua nyuzi hadi ziwe laini na kuvimba. Walipopima, zilinyonya kuliko kinyonyaji cha pedi za dukani walizolinganisha nazo. Nia yao hasa ilikuwa teknolojia inayoweza kufanyika katika kiwanda kidogo karibu na shamba, kwenye nchi kavu ambako pamba inasumbua kwa kutaka maji mengi na mkonge unajiotea.

Mimi nasoma hayo nikiwa mita chache kutoka barabara yanakopita malori ya katani kwenda bandarini. Jani la mkonge hutoa singa kiasi cha asilimia 4 tu ya uzito wake, kilichobaki ni maji na makapi, na hata hayo makapi pale Hale yaligeuzwa biogesi ya kuzalisha umeme. Utaalamu wa zao hili upo kituo cha utafiti cha Mlingano, ilikozaliwa mbegu chotara 11648 inayolimwa hadi nje ya nchi. Maabara si kiwanda, na pedi lazima ipite viwango kabla haijamgusa binti yeyote. Lakini kama kuna mji duniani unaostahili kujaribu jambo hili mapema, ni huu. Nawaomba vijana wa kemia wanaosoma ukurasa huu walitazame.

Pedi za kufua zinazuiaje kuvuja?

Zina tabaka tatu. La juu huwa laini na kupitisha haraka, la kati hunyonya, la chini limebandikwa utando mwembamba wa poliyurethani unaozuia maji. Za kutupa huongeza unga wa sodiamu poliakrilati, ambao hugeuka jeli ukilowa. Ndiyo maana ni nyembamba vile.

Fua kwa maji baridi kwanza, kwa kuwa maji ya moto hugandisha damu ndani ya nyuzi. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, huacha utando wa mafuta na pedi haitanyonya tena. Anika juani, hadharani. Najua mabinti wengi huzificha chini ya godoro kwa aibu, na humo ndimo fangasi wanamozaliana. Mama, mtengee binti yako sehemu ya kamba. Serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye taulo za kike mwaka 2018 ikairudisha 2019, na kwa wazazi wengi ninaowahudumia pedi ya kufua ndiyo hesabu inayokubali.

Eti kitambaa cha nguo kinaweza kuwekwa ndani ya mwili?

Ndiyo, na fundi cherehani yeyote aijue habari hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 daktari Michael DeBakey wa Houston, Marekani, alikuwa anatafuta kitu cha kuziba pengo la mshipa mkubwa wa damu ulioharibika. Alikwenda dukani kununua nailoni, akaambiwa imekwisha, akapewa Dacron, ambayo ni poliesta. Akaikata na kuishona kwa cherehani nyumbani ikawa mrija. Hatimaye mishipa ya Dacron ikawekwa kwa wagonjwa, na mpaka leo poliesta iliyofumwa hutumika kwa mishipa mikubwa. Mwili huivumilia kwa sababu ileile inayokuudhi kwenye dera: hainywi maji wala haiozi.

Kwa mishipa midogo kidogo hutumika kitu kingine, tefloni iliyovutwa hadi ikawa na vitundu vidogo sana. Bob Gore aligundua uvutaji huo mwaka 1969. Koti la mvua la Gore-Tex na mrija wa damu ni ndugu wa baba mmoja.

Babu yangu ana ngiri. Nimesikia wanaweka chandarua tumboni. Ni kweli?

Karibu na kweli. Ngiri ni pale utumbo unapotokeza kwenye sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo. Kushona pale kwa uzi peke yake kunavuta nyama, na mara nyingi ngiri hurudi. Kwa hiyo daktari hutandika wavu laini, kwa kawaida wa polipropilini, aina ya plastiki, nyama inaota kupitia matundu yake na kuushika. Shida ni bei ya nyavu hizo.

Nchini Uganda madaktari walijaribu wavu wa poliethilini wa aina ya chandarua, usio na dawa ya mbu, uliokatwa na kuuawa vijidudu kwa mvuke. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Kati ya wanaume 302, nusu waliwekwa wavu huo wa bei ya takriban dola 1, nusu wavu wa kiwandani wa takriban dola 125. Baada ya mwaka ngiri ilimrudia mmoja katika kundi la wavu wa bei nafuu na hakuna katika lile jingine. Kitakwimu tofauti hiyo haina uzito.

Nasisitiza: wavu ule uliandaliwa hospitali, hawakukata cha kitandani. Na watu wetu wa pwani tusichanganye. Busha si ngiri. Busha ni maji yaliyojaa kwenye korodani, mara nyingi kwa sababu ya minyoo ya matende, na upasuaji wake hauna wavu. Wazee wengi huliita lolote kati ya hayo "mshipa" na kukaa nalo kwa siri hadi halitembeleki. Mpelekeni hospitali ya Bombo akapimwe.

Vyandarua vipya wanasema vina dawa mbili. Cha zamani kina ubaya gani?

Chandarua cha dawa ni mojawapo ya vitambaa vya tiba vilivyookoa watu wengi zaidi, na mkoa wetu una mkono humo. Vijiji vya Muheza vilikuwa sehemu ya majaribio ya mapema ya vyandarua vilivyochovywa dawa, kwenye miaka ya 1980 kuelekea 1990. Wakati huo ulikuwa unachovya mwenyewe kwenye beseni. Baadaye dawa ikawekwa ndani ya plastiki yenyewe kabla uzi haujavutwa, ikawa inajitokeza juu kidogo kidogo hata baada ya kufuliwa. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vya aina hiyo mwaka 2003, cha kwanza Afrika.

Kisha mbu wakazoea. Dawa za jamii ya pairethroidi, zilizokuwa kwenye vyandarua vyote, hazikuwaua tena kama zamani, kwa kuwa mbu walipata vimeng'enya vya kuivunja sumu. Jibu la kwanza lilikuwa kuongeza PBO, kitu kinachozuia vimeng'enya hivyo; kilijaribiwa Muleba, Kagera, na matokeo kutoka mwaka 2018. Jibu la pili ni klorofenapiri, sumu ya aina tofauti inayomkatia mbu nguvu kwenye seli. Hiyo ilijaribiwa Misungwi, Mwanza. Matokeo ya 2022 yalionyesha watoto waliolala kwenye vyandarua hivyo waliugua malaria pungufu kwa asilimia 44 ndani ya miaka miwili kuliko wale wa chandarua cha kawaida. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Ushahidi umetoka kwenye nyumba za Watanzania, ndiyo maana naukubali.

Kifue kwa sabuni ya kawaida, ukianike kivulini. Jua kali hupunguza nguvu ya dawa. Na kisitumike kuvulia dagaa.

Barakoa ya hospitali nikiifua inafaa tena?

Haifai. Tabaka lake la kati ni polipropilini iliyopulizwa ikiwa imeyeyuka hadi ikawa nyuzi nyembamba mno. Kwenye barakoa za kiwango cha N95 nyuzi hizo hutiwa chaji ya umeme tuli, kazi iliyoboreshwa sana na Peter Tsai wa Chuo Kikuu cha Tennessee kwenye miaka ya 1990. Chaji ndiyo inayonasa chembe ndogo zinazopita kwenye matundu. Sabuni na spiriti huiondoa. Utatoka na kitambaa safi kisichochuja.

Mwani wetu na maganda ya kamba, havitengenezi bandeji?

Bandeji za mwani zipo na ni nzuri kwa vidonda vyenye maji mengi: zikigusa usaha hugeuka jeli, kidonda kinabaki na unyevu na bandeji haing'oi nyama mpya. Ila hutokana na alginati, inayopatikana kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Spinosum na kottonii wanaolimwa na akina mama wa pwani yetu hutoa karajinani, inayokwenda zaidi kwenye vyakula na dawa za meno. Watafiti wanaijaribu karajinani kwa vidonda, lakini usimwambie mkulima wa mwani kwamba anakalia bandeji. Bado.

Kamba ni habari nyingine. Maganda yao yana kitini, inayobadilishwa kuwa kitosani, na kitosani hugandisha damu. Jeshi la Marekani lilianza kubeba bandeji za kitosani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nikiona maganda yanavyotupwa kwenye masoko ya samaki kuanzia hapa hadi Bagamoyo, naumia.

Nilijifungua kwa upasuaji nikaambiwa uzi utayeyuka wenyewe. Unakwenda wapi?

Zamani ulikuwa uzi wa utumbo wa kondoo au ng'ombe, ambao mwili uliuyeyusha wenyewe. Tangu mwaka 1970 upo uzi wa kutengenezwa wa asidi ya poliglikoliki. Maji ya mwili huuvunja polepole kwa wiki kadhaa, vipande vinatumika na kutoka kama takataka nyingine za mwili. Ukiona ncha imejitokeza usiivute, mwonyeshe mkunga.

Ngozi ya uyoga, ngozi ya nanasi, nguo zilizotokana na nguo kuukuu: ninunue?

Ya nanasi ipo sokoni: Carmen Hijosa, Mhispania, aliianzisha baada ya kuona nyuzi za majani ya nanasi Ufilipino, inaitwa Piñatex. Nikiwafikiria wakulima wa Kiwangwa, Bagamoyo, wanaoacha majani shambani, natamani wangepata mnunuzi. Ya uyoga imeyumba. Mylo, iliyosifiwa sana, ilisimamishwa mwaka 2023. Renewcell ya Sweden, iliyogeuza nguo kuukuu za pamba kuwa selulosi mpya, ilifilisika mwaka 2024. Uvumbuzi ulikuwa wa kweli, wanunuzi wa kutosha hawakuwapo.

Soksi za kubana miguu unashona?

Sishoni, na fundi yeyote atakayekushonea kwa lastiki ya kawaida mkatalie. Soksi ya kweli hufumwa kwa elasteni, uzi uliobuniwa mwaka 1958, na hubana zaidi kifundoni ikilegea inavyopanda, ili damu na maji virudi juu. Nguvu yake hupimwa kwa milimita za zebaki. Ikibana vibaya juu inafunga mguu. Mwenye kisukari au mshipa wa damu ulioziba anaweza kudhurika hata kwa ile nzuri, kwa hiyo daktari apime kwanza. Kwa matende, kuosha mguu kila siku kwa sabuni, kuukausha katikati ya vidole na kuunyanyua ndiko kunakotangulia. Bandeji za kufunga mguu hufundishwa kliniki.

Sare za wauguzi "zinazoua vijidudu" zina maana?

Nyingi hutiwa madini ya fedha, na fedha kweli huua bakteria. Ndiyo maana hutumika kwenye baadhi ya bandeji za majeraha ya moto. Ila iliyopakwa juu ya kitambaa hupungua kila unapofua, na muuguzi anafua kila siku. Dada zangu wa wodini nawashonea mchanganyiko wa poliesta na pamba unaovumilia maji ya moto. Mikono iishie juu ya kiwiko ili kunawa kusizuiwe, mifuko miwili ya chini, ya kifuani sitii kwa sababu kalamu huanguka ukiinama kwa mgonjwa. Loweka mbali na nguo za watoto, fua kwa maji ya moto na sabuni, anika juani, piga pasi hadi kwenye mishono.